Kazi ya mwelekezi wa mbio za magari: maswali ambayo vijana wa Mombasa huniuliza

Safari Rally ikikaribia, ujumbe huanza kumiminika kutoka Kisauni, Likoni, Majengo, Changamwe, hata Mtwapa. Wengi wanauliza habari za madereva na magari. Mimi nimekaa kiti cha pili kwenye mashindano ya klabu, na habari ninazopenda kutoa ni za kiti hicho. Kijana asiye na gari, asiye na jamaa tajiri wala mfadhili, hana njia nyepesi ya kushika usukani wa gari la mbio. Kiti cha mwelekezi ni tofauti. Hupewa mtu anayeaminika, anayesoma vizuri na anayeheshimu saa. Hayo yote mtoto wa Mombasa anaweza kuwa nayo bila kumiliki hata pikipiki. Ndiyo maana nimeyakusanya hapa maswali yanayorudi kila mwaka.

Mwelekezi hufanya nini hasa?

Gari la mbio hizi hubeba watu wawili, na wote wawili ni washindani. Mmoja anaendesha. Wa pili, ambaye magazeti humwita mwelekezi na mafundi humwita navigeta, anasoma noti za njia. Dereva anayekwenda kasi kwenye barabara ya vumbi haoni kilichojificha nyuma ya kilima wala kinachomngoja baada ya kona. Mwelekezi humwambia kabla hajafika: kona ni ya upande gani, ni kali kiasi gani, iko mita ngapi, na ndani yake kuna jiwe, mtaro au maji.

Hilo ndilo watu wanaloliona kwenye video. Mzigo mwingine hauonekani. Ratiba iko mikononi mwake, pamoja na kadi ya muda, hesabu ya mafuta, tairi zipi zimetumika wapi, na maji ya kunywa. Mara nyingi ndiye anayehakikisha dereva amekula na amelala. Tairi likipasuka katikati ya mkondo, yaani kipande cha njia kinachoshindaniwa kwa kasi, wote wawili wanaruka nje. Mmoja analegeza nati, mwingine anatoa jeki na tairi la akiba, na hakuna anayemuuliza mwenzake afanye nini, kwa sababu wamelifanyia mazoezi jambo hilo gereji mpaka wamechoka. Jozi nzuri huwa imerudi ndani na kufunga mikanda baada ya dakika 2 hivi.

Hizo noti ni nini, na mtu anazisomaje gari likiruka hivyo?

Noti ni maelezo ya barabara yaliyoandikwa kwa alama fupi. Historia yake ina kisa ninachokipenda sana. Mwaka 1955, kwenye mashindano ya Mille Miglia huko Italia, mwandishi wa habari Denis Jenkinson aliketi kando ya Stirling Moss ndani ya Mercedes-Benz 300 SLR. Alikuwa ameandika njia nzima, takriban kilomita 1,600, kwenye karatasi yenye urefu wa kama mita 5. Aliiviringisha ndani ya kijisanduku chenye kidirisha, akawa anaizungusha kidogo kidogo huku akimpa Moss ishara za mkono, maana kelele za injini hazikuwaruhusu kusikilizana. Walishinda kwa saa 10 na dakika 7, wastani wa karibu kilomita 157 kwa saa. Moss alikuwa akivuka vilima bila kuona ng'ambo yake, akiutegemea mkono wa mwenzake tu.

Leo kuna intakomu ndani ya helmeti, lakini kiini cha kazi ni kile kile. Kabla ya mashindano huwa na siku za kukagua njia. Kwenye mashindano ya dunia, WRC, kila mkondo hukaguliwa mara 2, tena kwa mwendo uliowekewa kikomo. Mara ya kwanza dereva anasema anavyoiona barabara, mwelekezi anaandika kwa penseli. Mara ya pili mwelekezi anasoma, dereva anasahihisha. Usiku wanakaa hotelini na video ya njia, wanarudia tena.

Wengi hupima kona kwa namba kutoka 1 hadi 6. Moja ni kona ya kukaribia kusimama. Sita ni ile unayoipita bila kuondoa mguu kwenye mafuta. Wako wanaogeuza mpangilio huo, na hakuna ubaya mradi wawili wenyewe wamekubaliana. Chukua mstari mmoja:

"Kulia 5, 80, kilima, shika kushoto, kushoto 3 inabana, usikate, jiwe ndani."

Hapo dereva ameambiwa kuwa kuna kona nyepesi ya kulia, kisha mita 80 hadi kilima. Akifika juu, gari liwe upande wa kushoto wa barabara. Ng'ambo, mahali asipopaona, kuna kona ya kushoto inayoanza kwa wastani kisha inazidi kukaza. Asijaribu kuipunguza kwa kupita ndani, kwa sababu pana jiwe la kung'oa gurudumu. Maneno hayo yote hutamkwa ndani ya sekunde chache, kwa sauti isiyopanda wala kushuka hata kama gari limetua vibaya.

Kuandika si kugumu sana. Kugumu ni kujua lini useme. Ukisema mapema mno dereva atasahau au atachanganya. Ukichelewa atakuwa ameshaingia. Mwelekezi mzuri huwa mbele kwa kona moja au mbili, na humjua dereva wake: huyu anataka kusikia mapema, yule anataka kwa ufupi. Macho yako muda mwingi kwenye karatasi, kwa hiyo unaisoma barabara kwa mwili. Gari likiwa jepesi umepita kilima, mkanda ukikubana bega umeingia kona, unajua uko mstari upi. Na ukipotea, sema papo hapo kwamba umepotea. Dereva atapunguza, utajitafuta, mtaendelea. Mwelekezi anayebahatisha ni hatari kuliko aliyenyamaza.

Barabara za Naivasha zina ukali wake. Kwenye mkondo wa Kedong kuna vumbi laini kama unga wa ngano ambalo gari huzama ndani yake na chini yake kumejificha mawe. Mkondo ulioupita asubuhi ukiurudia mchana si ule tena, maana magari yamechimba mifereji na kuleta mawe juu. Mvua ikinyesha, noti za vumbi zinakuwa na thamani ndogo. Waelekezi wanaofanya vizuri Kenya ni wale wanaoandika pembeni ya ukurasa mambo ya aina hiyo wakati wa ukaguzi: hapa patajaa maji, hapa patachimbika.

Noti husomwa kwa lugha gani?

Lugha yoyote ambayo nyote wawili mnaielewa bila kufikiri. Hapa Kenya wengi hutumia Kiingereza, kwa sababu madereva na waelekezi hubadilishana. Juha Kankkunen wa Ufini alishinda akiwa na Mfini mwenzake, Juha Piironen, na akashinda pia akiwa na Nicky Grist wa Wales.

Timu inaweza kuadhibiwa vipi na gari halikugusa hata mti?

Kwa saa. Hapa ndipo mwelekezi hushinda au kupoteza mashindano bila kamera kumwona.

Kati ya mkondo na mkondo mnapita barabara za kawaida, mkifuata sheria za trafiki kama matatu na malori. Mmepewa muda kamili wa kufika kituo kinachofuata. Tuseme mmeondoka saa 3:12 na mmepewa dakika 47. Mnatakiwa saa 3:59, si kabla wala baada. Mkichelewa, kila dakika ni adhabu ya sekunde 10. Mkiwahi, kila dakika ni adhabu ya dakika nzima. Dakika nzima kwenye WRC ni pengo ambalo dereva hawezi kulifidia siku hiyo.

Kwa hiyo utamwona mwelekezi ameshuka garini kabla ya kituo, kadi mkononi, amesimama karibu na meza ya maafisa, macho kwenye saa yao. Hazungumzi na mtu. Dakika yake ikiingia anaikabidhi kadi, anaangalia kilichoandikwa, anahakikisha ndicho, ndipo anarudi garini. Ukitaka kujua kama mtu atakuwa mwelekezi, mwangalie hapo. Asiyesoma alichoandikiwa na afisa hafai, hata kama sauti yake ni nzuri namna gani.

Mwaka 1973, mwaka wa kwanza wa Safari Rally kuwa kwenye mashindano ya dunia, Shekhar Mehta na mwelekezi wake Lofty Drews walimaliza wakiwa wamelingana kwa adhabu na Harry Källström. Baada ya maelfu ya kilomita! Ushindi ukaenda kwa Mehta na Drews kwa sababu ndio waliokuwa wamekwenda mbali zaidi kabla ya kupata adhabu ya kwanza. Niambie kama dakika moja ni kitu kidogo.

Kuna waelekezi waliofika mbali kwenye mbio za kwetu?

Wapo, na inanisikitisha kwamba watu wanajua majina ya madereva tu.

Safari ilianza mwaka 1953 kuadhimisha kutawazwa kwa Malkia Elizabeth II, ikapita Kenya, Uganda na Tanganyika. Kwa miaka mingi njia yake ilishuka hadi Pwani, ikapitia Voi na milima ya Taita na kufika Mombasa kabla ya kurudi bara. Wazee wetu walioyaona magari yale yakiwa yamejaa tope jekundu bado wanayasimulia. Mwaka 1963 na 1968 magari 7 tu ndiyo yaliyomaliza kati ya zaidi ya 80, na mara zote mbili washindi walikuwa Nick Nowicki na mwelekezi wake Paddy Cliff.

Joginder Singh alishinda mara ya kwanza mwaka 1965 na nduguye Jaswant kwenye kiti cha pili. Aliposhinda tena mwaka 1974 na 1976, aliyekuwa anasoma ni David Doig. Shekhar Mehta alishinda mara 5, na kila mtu anakumbuka hivyo. Wachache wanakumbuka kwamba ushindi wa 1979, 1980, 1981 na 1982 ni wa Mike Doughty vilevile. Mara nne mfululizo mtu mmoja alisoma njia ya Afrika Mashariki bila kumpoteza dereva wake. Mwaka 1994 Ian Duncan alishinda akiwa na David Williamson.

Safari iliondoka kwenye mashindano ya dunia baada ya 2002, ikarudi 2021 ikiwa na makao Naivasha. Katika kipindi hicho chote waelekezi wa hapa hawakulala. Tim Jessop amesoma noti za Carl Tundo kwa miaka mingi, wakashinda Safari ya 2018, kisha ubingwa wa Afrika mwaka 2021. Ravi Soni alikuwa na Baldev Chager walipoichukua Safari ya 2019. Tauseef Khan na Karan Patel wakawa mabingwa wa Afrika 2023. Murage Waigwa alikuwa kando ya Maxine Wahome waliposhinda kitengo cha WRC3 kwenye Safari ya 2022. Mwaka huo huo Mwangi Kioni alikwenda na McRae Kimathi hadi Uswidi, kwenye theluji. Hebu fikiria: mtu aliyezoea kuandika "vumbi" na "jiwe" anakaa kuandika noti za barafu.

Na duniani, nani amefanikiwa kuliko wote?

Kwa mataji, Daniel Elena wa Monaco: mara 9 bingwa wa dunia pamoja na Sébastien Loeb, mfululizo kutoka 2004 hadi 2012. Anayemfuata kwa karibu ni Julien Ingrassia, mara 8 na Sébastien Ogier. Ndiye aliyekuwa akisoma Ogier alipoishinda Safari ya 2021, na mwisho wa mwaka ule akastaafu akiwa bingwa. Taji la dunia la waelekezi lipo kivyake, kando na la madereva.

Kwetu sisi, Nicky Grist ana nafasi ya pekee. Alishinda Safari mara 3 akiwa na Colin McRae: 1997, 1999 na 2002. Kazi yake ina somo kwa anayeanza. Mwaka 1993 Juha Piironen aliugua ghafla, Grist akaitwa kuketi na Kankkunen kule Argentina, na wakashinda. Nafasi kubwa huja hivyo, kwa simu ya ghafla. Anayepigiwa ni yule ambaye watu wanajua yuko tayari: leseni haijaisha, vifaa viko kamili, hana deni la kutokufika alipoahidi.

Halafu kuna Luis Moya. Mwaka 1998, mkondo wa mwisho wa mwaka huko Uingereza, yeye na Carlos Sainz walikuwa wamebakiwa na mita mia chache wawe mabingwa wa dunia. Injini ikafa. Moya akawa anamsihi Sainz ajaribu kuiwasha, tena na tena, na ilipokataa akaipiga helmeti yake kwenye kioo cha nyuma. Taji likaenda kwa Tommi Mäkinen. Anayedhani mwelekezi ni abiria na auangalie uso wa Moya siku ile.

Wasichana wanaweza?

Wanaweza, na wameshinda. Fabrizia Pons wa Italia alikuwa mwelekezi wa Michèle Mouton waliposhinda Sanremo mwaka 1981, ushindi wa kwanza wa wanawake kwenye mashindano ya dunia. Mwaka 1982 walishinda mara 3, Mouton akamaliza wa pili duniani. Mwaka 1983 walikuja hapa Kenya na Audi Quattro wakawa wa tatu kwenye Safari, katika enzi ya siku nyingi za tope na usingizi mchache. Pons alishinda tena Monte Carlo mwaka 1997 na Piero Liatti.

Ilichukua miaka 25 mwanamke mwingine kushinda duru ya dunia. Alikuwa Isabelle Galmiche, Monte Carlo 2022, kando ya Loeb. Galmiche ni mwalimu wa hisabati. Ninawaomba wasichana wa Mombasa wanaofaulu hesabu na kusoma kwa sauti darasani walitazame jambo hilo kwa makini, kwa sababu shuleni hakuna anayewaambia kuwa ujuzi huo una nafasi kwenye gari la mbio.

Nikisoma garini natapika. Ndoto imekwisha?

Haijaisha. Kichefuchefu kinawapata hata wazoefu, hasa siku za ukaguzi, mnapokwenda polepole na umeinamisha kichwa saa nyingi. Mwili huzoea kwa kufundishwa taratibu. Anza na dakika chache za kusoma ndani ya matatu ya Malindi, ongeza kila wiki. Kula kidogo, usiwe na njaa wala shibe. Tangawizi husaidia baadhi ya watu. Dawa za kichefuchefu nyingine huleta usingizi, kwa hiyo zungumza na daktari kwanza. Joto letu la Pwani ni mazoezi yake pia: ndani ya gari la mbio, na nguo za kuzuia moto kutoka shingoni hadi miguuni, ni moto kuliko Mwembe Tayari saa nane mchana.

Mashindano yakiangukia Ramadhani?

Swali hili naulizwa na Waislamu wengi wa mji huu, na ni la kweli: Safari ya 2024 ilikuwa tarehe 28 hadi 31 Machi, na ya 2025 tarehe 20 hadi 23 Machi, zote ndani ya mwezi mtukufu. Msafiri ana ruhusa ya kufungua na kulipa siku nyingine, na aliyetoka Mombasa kwenda Naivasha ni msafiri bila shaka. Muulize sheikh wako mapema kuhusu hali yako, usingoje usiku wa mashindano.

Uamuzi wowote utakaofikia, mwambie dereva wako wiki kadhaa kabla. Maji yakipungua mwilini, jambo la kwanza kuyumba ni umakini, na mwelekezi hana kingine cha kuuza. Binafsi naona kuwa anayefunga asishike daftari kwenye mikondo mirefu ya mchana, kwa kuwa roho ya mwenzako iko kwenye ulimi wako. Kuna kazi nyingine za timu anazoweza kufanya kwa ukamilifu na funga yake.

Ni hatari kiasi gani?

Ni hatari, sitakuficha. Michael Park, mwelekezi wa Markko Märtin, alifariki kwenye mashindano ya Uingereza mwaka 2005, na ndani ya mchezo huu bado anakumbukwa kwa jina la utani, Beef. Gari lina fremu ya vyuma, viti vinavyokumbatia mwili, mikanda, kifaa cha kulinda shingo na mfumo wa kuzima moto. Vyote hivyo hupunguza hatari, haviiondoi.

Jambo ambalo watazamaji hawalijui ni majukumu ya mwelekezi baada ya ajali. Gari likisimama vibaya, pembetatu nyekundu inawekwa angalau mita 50 nyuma ili wanaokuja waione. Kama mko salama, unawaonyesha ukurasa wa kijani wenye OK. Kama mna majeruhi, unaonyesha wenye SOS, na gari la kwanza kuuona lazima lisimame, ushindi au si ushindi. Fanya mazoezi ya kuzipata kurasa hizo ukiwa umefumba macho. Siku ya haja utakuwa umepinduka, vumbi limejaa, na mikono inatetemeka.

Mwelekezi hulipwa?

Kwenye timu za viwanda vya magari za WRC, ndiyo, ni ajira kamili. Kenya wengi wana kazi nyingine: fundi, mhasibu, mfanyabiashara, mwanafunzi. Mara nyingi mwenye gari hugharamia gari, usajili na malazi, na mwelekezi hujinunulia helmeti na nguo zake. Kabla ya kununua vifaa vya mkono wa pili, angalia kama vimeidhinishwa na FIA, chombo kikuu cha michezo ya magari duniani, na tarehe yake haijapita. Usiache kazi yako Bandarini kwa sababu umekaa kwenye gari la mbio mara moja. Jenga jina kwanza.

Mwelekezi naye huendesha?

Kwenye barabara za kuunganisha mikondo anaweza, akiwa na leseni. Dereva akichoka, hilo ni msaada mkubwa. Pata leseni.

Niko Mombasa, nianzie wapi?

Anza na kujitolea. Mashindano yoyote yanahitaji watu wa kusimama kwenye vituo, kushika saa, kuzuia watazamaji na kuandika matokeo. Shirikisho la Kenya, KMSF, na klabu zilizo chini yake ndiko leseni za mashindano zinakotoka, na huko huko ndiko utakakojulikana. Mashindano ya magari ya zamani, East African Safari Classic, yaliyoanza mwaka 2003, yamewahi kuanzia na kumalizikia hapa hapa Pwani. Yakija, usiende kupiga picha tu. Nenda uombe kazi ya saa. Ukikaa siku moja kwenye meza ya kituo utaelewa kadi ya muda kuliko kwa kusoma kurasa mia.

Wakati huo huo jifundishe noti. Mwombe mtu mwenye gari mpite Mazeras, Rabai hadi Kaloleni, barabara yenye vilima na kona za kutosha. Yeye aendeshe mwendo wa kisheria, wewe andika. Rudini mara ya pili, usome kwa sauti, aseme wapi umechelewa na wapi umemchanganya. Wiki inayofuata chukueni njia ya vumbi kwenye mashamba ya mkonge upande wa Vipingo, kwa ruhusa ya wenyewe. Kasi haihitajiki hata kidogo, na tafadhali msishindane kwenye barabara ya umma; kuna watoto wanaokwenda madrasa na mama wenye ndoo za maji. Unachojifunza ni mwandiko unaosomeka gari likitikisika, kupima mita 50 kwa jicho, na kufungua ukurasa bila kufungua miwili.

Kisha tafuta video za ndani ya magari ya WRC. Zima picha, sikiliza sauti tu. Utasikia Scott Martin akimsomea Elfyn Evans, walioshinda Safari ya 2025, na utashangaa jinsi anavyozungumza kwa utulivu.

Usikimbilie dereva mwenye gari kubwa. Mtafute anayeanza kama wewe, mjifunze pamoja. Jozi nyingi nzuri zilianza kwa kufahamiana nje ya gari: Timo Rautiainen, bingwa wa dunia 2000 na 2002, alimsomea Marcus Grönholm ambaye ni shemejiye, na Shekhar Mehta alikwenda baadhi ya mashindano ya nje na mkewe Yvonne kwenye kiti cha pili.

Nikistaafu nitafanya nini?

Hapa mwelekezi amemzidi dereva. Kwa miaka yote amekuwa akiendesha ratiba, bajeti, kanuni na watu. Jean Todt alikuwa mwelekezi. Mwaka 1981 yeye na Guy Fréquelin walimaliza wa pili duniani. Kisha akaongoza timu ya Peugeot, akaongoza Ferrari, na kutoka 2009 hadi 2021 akawa rais wa FIA. Robert Reid, aliyeshinda Safari mara mbili na Richard Burns na ubingwa wa dunia wa 2001, alikuwa naibu rais wa michezo wa FIA kuanzia mwisho wa 2021. Wengine huwa mameneja wa timu, wasimamizi wa mashindano, walimu wa waelekezi wapya. Nicky Grist alifungua biashara ya vifaa vya mbio.

Mama hataki hata kulisikia jambo hili. Nimwambie nini?

Usibishane naye. Hofu yake ina msingi. Mweleze kwanza kwamba hukusudii kuendesha kasi mitaani, na uishi hivyo kweli, kwa sababu akikusikia unashindana na bodaboda daraja la Nyali hatakuamini tena. Endelea na masomo au kazi yako. Mwonyeshe helmeti, mwonyeshe mkanda, mwache aushike mwenyewe aone uzito wake. Ukipata nafasi ya kujitolea kituoni, mwombe aje, au umpeleke babako, mjomba au shangazi anayesikilizwa nyumbani. Wakiona maafisa, gari la wagonjwa na daktari vikiwa tayari kabla ya gari la kwanza kuondoka, mazungumzo hubadilika.

Na kama baada ya hayo bado ana maswali, niandikie unipe namba yake. Nitampigia mimi mwenyewe, jioni baada ya Ishaa, nimjibu moja baada ya jingine.